Mikunjo Mitatu ya Runtu

Katika Nyumba ya Wateule hakukuwa na mwanamke aliyejua kufuma kama Tokto, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Wenzake walimheshimu, walimwogopa kidogo, na akigeuza mgongo walimsengenya kwamba hata usingizini vidole vyake vinasokota sufu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani ya kuta hizo hizo akifuma kumpi, ile nguo laini isiyo na nje wala ndani, ya kuvaliwa na Inka mtawala, ya kuchomewa Jua asubuhi, na mara moja moja ya mtoto anayepelekwa mlimani.

Nguo za watoto wa mlimani alikuwa amekwisha kufuma tatu, na hakuwahi kukosea hata uzi mmoja. Ndiyo maana ya nne ilipoharibika hakuna aliyeamini, na yeye mwenyewe alichelewa kuamini kuliko wote.

Mtoto wa nne aliletwa baada ya mavuno ya viazi, wakati uwanja mzima ulikuwa umetandazwa viazi vilivyogandishwa na baridi, na watu wanavikanyaga kwa miguu mitupu kuvikamua maji. Alikuja na baba yake mdogo na lama wawili, wanyama wa mizigo wenye shingo ndefu. Aliitwa Runtu, ana miaka tisa anaelekea kumi, na chonge moja ilikuwa imeota nusu. Alisimama mlangoni akazikagua kuta kwa macho, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Hapa hamna mbwa?"

Wanawake wakacheka. Tokto hakucheka, kwa sababu alikuwa anautazama mkanda wa mtoto.

Ulikuwa mkanda wa kijijini, wa sufu nzito ya alpaka, ndugu wa lama, wenye ngazi nyekundu na jicho la ndege ndani ya kila ngazi. Mikanda ya namna hiyo ilikuwa mingi upande wa kusini. Lakini kwenye huu, jicho la mwisho kushoto halikuwapo. Ngazi ilikuwa imeachwa tupu. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyekuwa akifuma hivyo, na alikuwa akisema anaacha jicho moja ili kesho awe na sababu ya kuamka. Mwanamke huyo ndiye aliyemfundisha Tokto kushika uzi.

"Nani alikufumia mkanda huo?" Tokto akauliza.

"Bibi. Kabla hajafa."

Hivyo ndivyo Tokto alivyopata habari kwamba mama yake hayupo tena. Akauliza tena, "Na mama yako nani?"

"Chimpu wa Wankarpata." Mtoto akampandisha na kumshusha kwa macho. "Mama ana dada yake, alichukuliwa na Jua zamani. Yuko humu humu. Nyumbani wanasema anang'aa."

"Anang'aa wapi?"

"Mwili mzima."

Tokto akatazama mikono yake, iliyopasuka kwa baridi na kukolea wekundu wa wadudu wa dungusi. "Basi wamekudanganya, mwanangu. Dada mwenyewe ni mimi. Kama kuna kinachong'aa hapa labda ni pua, maana nina mafua."

Runtu akaitazama pua. Kisha akaja akautia mkono wake ndani ya mkono wa mama yake mkubwa, kana kwamba jambo hilo limekwisha, akauliza chakula kinaliwa saa ngapi.

Hakuna aliyemficha mtoto neno. Kila mtu alijua, na yeye alijua, kwamba kabla mvua hazijafunga njia atapanda hadi kileleni kwa Apu Sarakunka, mlima ulioshika mvua na barafu ya nchi nzima. Ataketi katika chumba cha mawe, ataishi na wakubwa wa mlimani, na atawasemea watu wa chini ili mvua ije kwa wakati na mvua ya mawe isiwapige mahindi. Neno kufa halikutumiwa. Hilo lilikuwa neno la wagonjwa na wazee. Tokto alikuwa ameyaamini hayo bila shida kwa watoto watatu waliotangulia, kwa sababu mama zao hakuwajua.

Kazi ya nguo alipewa yeye, maana angepewa nani mwingine. Nguo zilikuwa za namna mbili. Kwanza za Runtu: shuka kubwa la kuzungusha mwilini na kubanwa mabegani kwa pini mbili za fedha, shuka dogo la mabega, na mkanda. Pili zilikuwa hizo hizo tena, ila ndogo za kuenea kiganjani, za kumvika mwanamke wa fedha mwenye urefu wa kidole atakayewekwa kando ya mtoto. Mkubwa na mdogo walipaswa kufanana kila kitu, hadi pini.

Ukutani katika chumba cha kufumia ilining'inia kamba ya kipimo. Ilikuwa na vifundo vitatu: cha begani, cha kiunoni, cha kisiginoni, na ilipimwa kwa mwanamke mzima. Kila nguo ya mlimani ilitandwa kwa kamba hiyo, hata mtoto awe na miaka sita. Nguo ya kumpi haikatwi, haiongezwi, haitiwi kiraka; inatoka kwenye kitanda cha mfumi ikiwa na kingo zake nne, na jinsi ilivyotoka ndivyo itakavyokuwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima ujue tangu uzi wa kwanza unamfumia nani.

Tokto aliijua kamba hiyo kuliko jina lake. Lakini siku ya kutanda uzi, mkuu wa nyumba, Bibi Asarpa, alikuwa kitandani anabanwa na kifua, na Runtu alikuwa amesimama karibu, anataka apimwe. Tokto akampima. Alimpima kwa mikono yake, kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, kisha mtoto akajitupa kifuani pake akacheka kwa mtekenyo, na Tokto akabaki na urefu ule mikononi. Akaenda nao moja kwa moja kwenye kitanda cha mfumi, akatanda.

Aliyeona ni Waylla, mfumaji aliyekaa upande wake wa kulia, mwanamke kijana asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Dada Tokto, mbona leo kitanda chako kifupi?"

"Macho yako ndiyo mafupi."

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

"Uliza mshindio wako, maana umeruka nyuzi mbili."

Waylla akainama kutazama, akakuta kweli ameruka nyuzi mbili, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Miezi miwili Tokto alifuma, na mtoto yuko karibu naye. Ilikuwa miezi mizuri, na ni lazima lisemwe, ingawa kulisema kunauma. Runtu alikula nyama ya lama kila siku, kitu ambacho kijijini alikionja kwenye sherehe tu, akanenepa mashavu. Alisukwa nywele misuko midogo midogo isiyohesabika, kazi ya siku mbili, na siku zote mbili alilalamika. Mwanamke wa fedha alipoletwa kutoka kwa wafua madini, Runtu alimgeuza huku na huku, akamziba kifua kwa kidole.

"Huyu anaona baridi," akasema. "Kwa nini mmeanza na yangu?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwenye kelele."

"Mfumie yeye kwanza. Mimi nina mkanda wa bibi."

Tokto akaacha kitanda kikubwa siku tano, akamfumia mwanamke wa fedha kwanza. Runtu alimshikia nyuzi. Mtoto hakuwa fundi. Alivuta sana, akatia mafundo, kisha akamlaumu alpaka. Lakini akikaa alikaa na bega lake limemgusa Tokto, na Tokto alijikuta anafuma kwa mkono mmoja mara nyingi kuliko inavyofaa, ili bega lile lisisogee.

Siku nane kabla ya msafara kuondoka, Bibi Asarpa aliweza kusimama. Alikuja chumba cha kufumia asubuhi akiwa amemwegemea Waylla, mwembamba, macho bado makali. Nguo ilikuwa imetoka kwenye kitanda siku ile ile. Tokto akaitandaza juu ya mkeka na kurudi nyuma hatua moja, kama fundi anayejua atasifiwa.

Bibi Asarpa aliipapasa nguo pande zote mbili. Akapitisha kidole kwenye kingo zote nne. "Mikono yako imebarikiwa," akasema. Kisha, kwa mazoea tu, akamwambia Waylla atungue kamba ya ukutani, wakailaza juu ya nguo.

Kifundo cha kisigino kilianguka mbali kabisa, juu ya mkeka mtupu.

Waylla akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi Asarpa akainama. Akaisogeza kamba, akaipima upya, ikaanguka pale pale. Tokto alikuwa anaitazama kamba ile kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Waylla, katuletee maji," Bibi Asarpa akasema. Waylla alipotoka, akaketi chini kwa taabu. "Umefuma nguo ya mlimani mara ngapi?"

"Mara tatu, Bibi."

"Na kwa nini tunazifuma kwa kipimo cha mtu mzima?"

"Kwa sababu mtoto atakulia huko."

"Atakulia huko," Bibi Asarpa akarudia. "Ataota meno, ataota matiti, atarefuka, na kila anaporefuka atashusha mkunjo mmoja. Sasa wewe umemfumia nguo ya leo tu. Unajua nguo hii inasema nini? Inasema huyu mtoto hana kesho."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Hilo ndilo linalonitisha. Mdomo wako unaimba pamoja na sisi kila asubuhi, lakini mikono yako haiamini."

Ilikuwa kweli. Miezi miwili mikono yake ilikuwa inapiga kelele, naye anaisifu kwamba inafuma vizuri.

Bibi Asarpa akashusha sauti. "Mkaguzi wa Inka anakuja baada ya siku tano. Nguo mpya haifumwi kwa siku tano, na wewe unajua hivyo. Ukimwonyesha hii, ataikataa, na msafara utaondoka bila Runtu. Watachukua mtoto mwingine kutoka mji mwingine mwenye nguo tayari; wasichana hawajaisha. Runtu atarudi kwao."

Moyo wa Tokto ukaruka, na Bibi Asarpa akauona unaruka.

"Usifurahi upesi. Atarudi akiwa mtoto aliyekataliwa. Mvua ya mawe ikipiga shamba, watasema ni yeye. Lama wakiharibu mimba, ni yeye. Hakuna atakayemwoa, hakuna atakayekula naye sahani moja. Ataishi, ndiyo. Utachagua mwenyewe. Mimi ni mgonjwa, naweza kusema sikuiona."

Akainuka akishika ukuta. Mlangoni akageuka, akaongeza bila ukali, "Mimi pia nilikuwa na mdogo wangu aliyepanda mlima. Hukulijua hilo." Akatoka.

Siku nne Tokto hakugusa uzi. Aliwaambia wenzake anaumwa tumbo. Kwa kweli alikuwa amekwisha chagua, na kilichomuuma ni aibu ya kuchagua upesi kiasi kile. Atakaa kimya. Mkaguzi ataikataa nguo. Mtoto wa watu wengine, ambaye uso wake hataujua, atapanda mlima. Runtu atarudi Wankarpata kwa mbwa wake. Watamnyanyapaa, ndiyo, lakini atakuwepo wa kunyanyapaliwa. Alijirudia hayo kila saa, na kila saa yalionekana ya busara.

Asubuhi ya siku ya tano, kabla mkaguzi hajafika, Runtu akaingia akadai kujaribu nguo yake. Wenzake wote walikuwa wamekwenda kupokea wageni. Tokto hakuona sababu ya kumnyima. Akamzungushia, akachoma pini za fedha mabegani, akafunga mkanda wa bibi. Nguo ilimkaa barabara, ikaishia pale pale kwenye vifundo vya miguu, kama ilivyopimwa kwa mikono.

Runtu akazunguka mara moja. Akainama akatazama miguu, akainua mikono juu, nguo ikapanda, vifundo vikatoka nje. Akaishusha. Akainua tena.

"Mama mkubwa."

"Naam."

"Inanienea."

"Ndiyo."

"Lakini tazama." Akafungua mdomo akaonyesha chonge. "Jino limeongezeka tena. Waylla naye anasema nimerefuka tangu nije, amenipima mlangoni." Akauinua upindo, akaudondosha. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa uso wa mtoto anayepanga safari na amegundua kitu kimesahaulika. "Mwaka ujao nitavaa nini?"

Tokto akaushika upindo.

"Huko juu kuna wafumaji?" Runtu akauliza. "Maana kama hakuna, nitaona baridi."

Hapo Tokto akapiga magoti, akaanza kuchomoa pini bila kuona vizuri anachokifanya. Alijua sasa kwamba huyu mtoto hana shaka hata kidogo. Na kwamba mtu mmoja tu humo ndani alikuwa amemnyima kesho yake, na mtu huyo alikuwa anampenda kuliko wote. Angemrudisha kijijini wakamwite aliyekataliwa, na mtoto angekubali, kwa sababu angeamini kweli mlima haukumtaka. Angeishi miaka yote hiyo akijiuliza ana kasoro gani. Wala yule mtoto mwingine, wa mji mwingine, hakuwa amemkosea Tokto kitu.

"Umeharibika uso," Runtu akasema.

"Ni mafua."

"Una mafua kila siku."

"Kaa hapa. Usiguse kitu."

Kila mwanamke aliyekaa miaka mingi katika nyumba ile alikuwa na kikapu chake, na ndani ya kikapu mlikuwa na nguo ya kuzikiwa. Ilifumwa kwa ruhusa, kwa masalia ya sufu nzuri, baada ya kazi za Inka na za Jua. Ya Tokto ilikuwa imemchukua miaka kumi na moja. Ilikuwa ya kahawia, rangi ile ile anayozaliwa nayo vikunya, mnyama wa porini mwenye sufu laini kuliko wote, na pindo zake zilikuwa na ngazi nyekundu za Wankarpata, kama zile alizowafumia Runtu na mwanamke wa fedha, jicho la ndege ndani ya kila ngazi. Hakuna aliyewahi kuiona yote. Aliitoa, akanusa majani makavu yaliyotunza nguo dhidi ya nondo, akarudi nayo.

Mkaguzi alikuwa mtu kutoka Kusko, mji wa Inka, masikio yamevutwa kwa vipuli vya dhahabu hadi karibu mabegani, na alikuwa na haraka. Akakagua pini. Akakagua mwanamke wa fedha, akamfunua nguo na kumfunika. Kisha akatandaziwa nguo ya kahawia, na Bibi Asarpa, ambaye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza, hakupepesa hata ukope. Kamba ikalazwa. Kifundo cha kisigino kikaangukia kwenye upindo.

"Kumpi nzuri," mkaguzi akasema. Akafuata pindo kwa kidole hadi mwisho, kushoto, akasimama. "Hapa pana ngazi tupu. Jicho liko wapi?"

Tokto akaitazama ngazi ile. Ilikuwa nguo yake mwenyewe. Alikuwa ameacha jicho lile kwa ajili ya kesho, kama mama yake, na katika haraka yake alikuwa amesahau kwamba mtu wa Kusko angeliita kosa.

"Hilo ni la mwenye nguo," Bibi Asarpa akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu. "Atalijaza mwenyewe akifika. Au mnataka akae huko miaka yote bila kazi?"

Mkaguzi akamtazama. Bibi Asarpa akamtazama pia, na alikuwa na miaka mingi zaidi ya kutazama watu.

"Huko kwenu kusini mna mambo," mkaguzi akasema, akaikunja nguo.

Walipobaki wawili, Bibi Asarpa aliketi juu ya mkeka. "Na wewe sasa utazikwa na nini?"

"Na ile fupi."

"Haitakufika magotini."

"Nitaipakata."

Bibi Asarpa akatikisa kichwa, lakini hakuiita ile nguo fupi iende motoni, ingawa kumpi yenye kosa huchomwa.

Siku ya kuondoka jua lilikuwa kali na upepo baridi. Uwanjani kulikuwa na ngoma, lama waliopambwa nyuzi nyekundu masikioni, na wanaume waliobeba mitungi ya pombe ya mahindi na vifurushi vya majani ya koka, maana Runtu angepewa vyote viwili njiani, zaidi na zaidi kadiri wanavyopanda, ili baridi asiisikie. Ndani, Tokto alikuwa anamvika.

Nguo ya mtu mzima juu ya mtoto ni kitu cha kuchekesha, na Runtu alicheka. Ilimburuta chini kila upande. Tokto akaipandisha kiunoni, akakunja mara ya kwanza, akatia mshono mmoja wa uzi mwekundu. Akakunja mara ya pili, akatia mshono. Akakunja mara ya tatu. Upindo ukapanda hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Ukiona vifundo vinatoka nje, kata uzi mmoja, ushushe mkunjo mmoja. Mmoja tu. Usiwe na papara, si unajijua. Wa pili utaushusha ukishakuwa msichana mkubwa. Wa tatu ukifika urefu wangu."

"Halafu?"

"Halafu itakuenea siku zote."

"Na lile jicho nitalifuma kwa uzi gani?"

"Nimekuwekea, umo ndani ya kifuko. Usivute sana."

Runtu akainua mikono ili afungwe mkanda. Waylla alishika mikunjo kwa nyuma, isiteleze, na Tokto akazungusha mkanda wa bibi mbele, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaukaza. Mtoto alikuwa anafuata kwa macho, na paji lake la uso likakunjamana.

"Mama mkubwa. Hii kazi ni ya watu wawili."

"Ndiyo."

"Mmoja ashike nyuma, mmoja azungushe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa huko nikishusha mkunjo, nani atanishikia?"

Waylla akageuza uso. Tokto angeweza kusema bibi yako, au wake za wakubwa wa mlimani, na mtoto angeridhika. Majibu hayo yalikuwapo, yamezoeleka, yalitosha kwa watoto watatu waliotangulia.

"Mimi," akasema.

"Utakuja lini?"

"Nikimaliza kazi."

"Kazi zenu haziishi."

"Yangu itaisha."

Runtu akamchunguza, kama siku ile mlangoni alipotafuta mbwa. Akaridhika. Akamchukua mwanamke wake wa fedha, akamkagua mkanda, akatoka nje kwenye ngoma, akitembea kwa uangalifu mkubwa asikanyage upindo. Hakugeuka nyuma, alikuwa anatazama miguu yake.

Tokto aliishi miaka kumi na minane zaidi. Mikono yake haikukosea tena, na wala hakuisifu tena. Kila mwaka baada ya mavuno ya viazi aliitoa ile nguo fupi, akaitandaza magotini, akapima kwa kiganja toka upindo kushuka chini, kisha akaikunja. Mwaka wa pili wanafunzi wake walimsikia akisema, "Huu ni wa kwanza." Mwaka wa sita, "Wa pili." Mwaka wa kumi hakusema kitu, alilia tu waziwazi, mbele ya watoto wa kusokota, na alipoulizwa akasema kuna mtu anayemsubiri, na yeye amemchelewesha sana.

Alipolala kwa mara ya mwisho, mkuu wa nyumba alikuwa Waylla. Ndiye aliyemletea nguo yake mwenyewe ya kuzikiwa, bila kuambiwa, akasema ataanza nyingine, bado ana nguvu. Tokto akamshukuru. Akaomba ile fupi iwekwe kifuani. Kisha akasema ana jambo moja.

"Mkishanikunja magoti, mikono msinifunge."

"Dada, kila anayezikwa hufungwa kama mzigo, hadi mikono. Mzigo hautakaa vizuri."

"Acha ukae vibaya." Alikuwa anapumua kwa shida. "Nguo ya Runtu imekuwa fupi, Waylla. Mikunjo yote mitatu bado iko pale. Anasubiri mtu wa kumshikia."

Walimwosha siku ya pili, mchana, wakamvika. Waylla akamkunja magoti hadi kifuani, akayafunga. Akafunga miguu. Kamba ya mikono akaishika kidogo, akaiweka kando.